Kwa nini kamera kubwa inauzwa bei ya IST? Wa Mtwara na Lindi njooni tuelezane

#1 Picha_Masasi
Wakuu salaam.

Nina studio ndogo hapa Masasi. Napiga harusi, mahafali, vipaimara, na wali wa unyago wanapotoka. Bodi ya kamera yangu ya zamani inanilisha na sina ugomvi nayo. Sasa nimepata mteja wa shirika, kazi ya mwaka mzima, ila sharti lake kamera iwe fulu fremu, ile yenye kipande kikubwa cha kupokea mwanga, ya daraja la juu pamoja na lenzi ndefu. Nikaanza kuulizia bei.

Sony A1 ilipotoka 2021 ilitangazwa dola 6,500. Ukipiga dola kwa 2,500 hiyo ni milioni 16 na robo, bodi tupu, bila lenzi wala kadi. Hiyo ni gari, Toyota IST iko barabarani na bima yake.

IST ina injini, giaboksi, viti, redio na tairi ya spea. Hii ni kitu cha kushika kiganjani. Mwenye kuelewa anieleze hizo milioni zinaingia wapi. Hisia zangu mimi ni kwamba tunapigwa. Anayejua zaidi anikosoe.

#2 Kangomba_Mstaafu
Msimu wa 2024 korosho ilivuka 4,000 kwa kilo mnadani. Milioni 16 na robo ni kama tani nne. Gunia la kilo 80, piga hesabu, ni gunia hamsini. Hapo makato ya chama cha msingi bado.

Mtu auze gunia hamsini anunue kitu cha kuning'iniza shingoni? Mkewe anarudi kwao Newala siku hiyo hiyo.

#3 Ngoja_Waje
Natandika mkeka. Wenye kujua waje.

#4 Mwalimu_Nachingwea
Picha_Masasi, anzia kwenye sensa, kile kipande kinachopokea mwanga. Kinatengenezwa juu ya sahani ya silikoni, na sahani hiyo hupita hatua mamia kiwandani kabla haijakatwa. Gharama ya kuipitisha sahani ni ile ile, uwe umechora vipande vingi au vichache. Waraka wa Canon wa 2006 ulisema sahani ya inchi 8 inatoa sensa za kropu, zile ndogo, kama 200, za fulu fremu 20 tu.

Halafu kuna kasoro. Chukulia sahani imedondokewa na vidoa 20 vya kuua, popote pale. Kama ulichora vipande 200, watakaokufa hawazidi 20, unabaki na 180. Kama ulichora 20, hesabu ya bahati inakuachia vizima saba hivi. Hivyo saba ndivyo vinabeba gharama ya marehemu wote.

La tatu, mashine za kuchora zinazotumika kwa kawaida humulika eneo la milimita 26 kwa 33 kwa mkupuo mmoja. Fulu fremu ni 36 kwa 24. Haiingii. Inabidi ichorwe kwa mikupuo na kuunganishwa, na mshono usipishane hata sehemu ya elfu ya milimita. Muda wa mashine unaongezeka, na mahali pa kuharibikia panaongezeka.

#5 Kangomba_Mstaafu
Nimeelewa mwalimu. Ni kama korosho iliyobanguliwa: nzima ina bei yake, pande lina bei yake, na ikivunjika mkononi hairudi kuwa nzima.

#6 Hesabu_Kali
Mwalimu, heshima yako, ila hiyo 200 inanikera. Sahani ya inchi 8 ina kipenyo cha milimita 200, kwa hiyo eneo lake ni milimita za mraba 31,400 hivi. Kropu ya Canon ni 22.3 kwa 14.9, sawa na 332. Gawa. Unapata 94. Hata ukikata bila kupoteza hata uzi hufiki mia. Hizo nyingine zimekaa wapi, ukingoni zinaning'inia?

#7 Mwalimu_Nachingwea
Hesabu_Kali, namba ni zao, waulize wao. Ishushe mpaka 80 ukipenda. Vidoa 20 juu ya vipande 80 vinakuachia vizima sitini na ushee. Kwa fulu fremu ni saba. Bado ni karibu mara tisa, na ukubwa wa eneo haujafika hata mara tatu. Hoja ipo pale pale.

#8 Fundi_Lenzi_Lindi
Niongezee pia kwamba viwanda vingi sasa vimehamia sahani ya inchi 12, na si kila kidoa kinaua. Pikseli, yaani nukta moja ya picha, ikiwa mbovu, programu ya kamera inaijua na kuifunika kwa kuangalia jirani zake. Kila kamera mliyonayo ina pikseli za namna hiyo, na hamjawahi kuziona. Kwa hiyo picha ya mwalimu ya saba kati ya ishirini ni ya kutisha watoto.

#9 Mhasibu_Newala
Mimi nauliza swali dogo tu. Canon EOS RP ilitoka 2019 kwa dola 1,299. Ni fulu fremu ile ile, 36 kwa 24. Kama silikoni ndiyo inakula fedha, Canon walipata wapi ya kulipia mfuniko, skrini, betri, mfanyakazi, boksi, meli, duka na faida ndani ya dola 1,299?

Maana yake sensa haiwezi kuwa imezidi dola mia kadhaa. Mwalimu ametueleza kwa nini fulu fremu ni ghali kuliko kropu. Hajatueleza kwa nini A1 ni ghali kuliko RP.

#10 Picha_Masasi
Hapo hapo Mhasibu! Tofauti ni dola 5,200. Nataka hizo 5,200 zinielezwe moja moja.

#11 Tandahimba_Finest
Moja ni jina. Ya pili ni jina. Ya tatu ni jina. Endelea mpaka 5,200.

#12 Fundi_Lenzi_Lindi
Tandahimba, punguza. Sensa ya RP na sensa ya A1 zinalingana ukubwa tu. Ya A1 ni ya tabaka: pikseli juu, chini yake saketi za kasi na memori, vimegandishwa pamoja. Sony waliitoa ya kwanza ya fulu fremu kwenye A9 mwaka 2017. Kazi yake ni kuisoma picha yote kwa kasi kubwa. A1 inapiga picha 30 kwa sekunde, kila moja megapikseli 50, na kati ya picha moja na nyingine inahesabu jicho la mtu liko wapi na inasogeza lenzi. RP ukiishikilia kidole inatoa picha tano kwa sekunde kisha inaomba poo.

Nimefungua bodi nyingi mezani kwangu. Ukifungua ya bei rahisi unakuta skrubu, ubao mmoja, utepe wa nyaya, kwisha. Ukifungua ya juu, fremu ni magnesiamu, kila mlango una mpira wake, kila kitufe kina pete yake, sensa inaelea kwenye sumaku ili itulie mkono ukitetemeka. Shata ya A1, kile kipazia cha kupitisha mwanga, imejaribiwa kwa mibofyo 500,000. Mimi kuirudishia mahali pake sensa inayoelea nachukua siku nzima nikiwa nimezima feni vumbi lisiruke.

Na huku kwetu hiyo mipira si urembo. Njoo dukani kwangu msimu wa kupuliza mikorosho. Kamera zinateremka kutoka Tandahimba na Newala zimekuwa njano. Salfa, ile dawa ya unga, inaingia kwenye pete ya kuvutia lenzi, inashikana na grisi, inakuwa uji mgumu. Ukizungusha unasikia kitu kinasaga. Nafungua, natoa kwa kijiti na pamba, halafu mkono wangu wiki nzima unanuka kiberiti.

#13 BintiMikindani
Fundi nakuheshimu, vifaa vyangu vyote umevishika wewe. Lakini hiyo mipira haikumsaidia yule kaka wa Kitangari aliyekuja na bodi ya milioni kumi imejaa salfa mpaka kwenye kioo cha kuchungulia. Ya kwangu ya laki tisa nilikuwa naifunga kwenye mfuko wa mkate, natoboa tundu la lenzi, nafunga raba bendi. Mpaka leo iko hai.

Huku pwani adui wetu ni kuvu. Mikindani ukiiacha lenzi kabatini masika moja unaikuta ndani ina nyuzi nyuzi mithili ya utando wa buibui. Hapo iwe ya laki mbili au ya milioni ishirini, kuvu hasomi bei.

#14 Kangomba_Mstaafu
"Kuvu hasomi bei." Mpeni huyu dada soda.

#15 Pwani_ya_Msimbati
Nyie mnagombania bodi, fedha iko kwenye lenzi. Mimi natembeza wageni baharini kuangalia nyangumi wanapopita, kuanzia kiangazi. Wengi wanakuja na simu, wanarudi na picha ya maji. Yupo mmoja alikuja na lenzi ya Nikon ya kuvuta mbali, milimita 600, yenye uwazi wa kupitisha mwanga wa f/4. Nikamuuliza bei, akanionyesha kwenye simu: ilitoka 2022 kwa dola 15,499. Hiyo kwa dola ya 2,500 ya mwenye uzi ni karibu milioni 39.

Akanieleza vizuri, na nilimwelewa. Gawa 600 kwa 4, unapata 150. Hivyo kioo cha mbele lazima kiwe na upana usiopungua milimita 150, sentimita 15. Lenzi ya kawaida ya 50 f/1.8 ukigawa unapata 28. Kioo cha sentimita 15 hakitoki kwenye ukungu kama chupa ya soda. Kinapozwa polepole mno kisijibane ndani, ukikiharakisha mwanga unapinda ovyo. Halafu kinasuguliwa, kinapimwa, kinasuguliwa tena. Nyuma yake viko vingine zaidi ya ishirini, na kimoja kikikaa upande kwa kiasi cha unywele, nyangumi anakuwa ukungu.

Alinishikisha. Ina uzito wa kilo tatu na kitu, nilidhani nimepewa mtoto wa mtu.

#16 Mwalimu_Nachingwea
Msimbati umesema vizuri. Ongeza floraiti. Hiyo si kioo, ni fuwele. Canon waliiotesha kiwandani na wakaitia kwenye lenzi ya kuuzwa kwa watu mwaka 1969, ya milimita 300. Inarudisha rangi zote za mwanga mahali pamoja, jambo ambalo kioo cha kawaida hakiliwezi. Kuotesha fuwele moja ni kazi ya wiki kadhaa ndani ya tanuru, na huwezi kuiharakisha. Inavimba kwa joto, ndiyo sababu lenzi zao ndefu zinapakwa nyeupe zisile jua.

#17 Nangwanda_Jukwaa_Kuu
Mwalimu, nyeupe ni matangazo. Nikon nao wanatumia floraiti, ile lenzi yao ya milimita 800 ya 2013 inayo, na ni nyeusi tii. Mbona haijavimba? Canon waliona uwanjani kila kamera ya televisheni ikigeukia wapiga picha, zinaonekana nyeupe tu. Hata mimi nikiwa jukwaani najua nani ana fedha.

#18 Mwalimu_Nachingwea
Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Kitu kilianza kwa ajili ya jua kikaishia kuwa sare.

#19 Tandahimba_Finest
Kwa hiyo nikipaka yangu chokaa inapanda bei?

#20 Mhasibu_Newala
Mmezama kwenye vioo mmesahau soko. Chama cha watengeneza kamera cha Japani kinatoa takwimu kila mwaka. Mwaka 2010 zilisafirishwa kamera za dijitali milioni 121 hivi. Mwaka 2023 hazikufika milioni 8. Zilizokufa ni zile ndogo za mfukoni, simu imezimeza.

Kubuni bodi mpya kunahitaji wahandisi, viwanda, mashine na miaka. Gharama hiyo haipungui kwa sababu wateja wamepungua. Zamani kamera ndogo za dola 150 zilikuwa zinasaidia kulipa mishahara ya watu wa kamera kubwa. Sasa kila mnunuzi aliyebaki anabebeshwa fungu la waliokimbilia simu. Samsung walifunga virago kwenye kamera. Olympus biashara yao ya kamera wakaiuza, ikatoka mikononi mwao rasmi Januari 2021. Wangekuwa wanachota faida za kijinga kama Tandahimba anavyodai, wasingeondoka.

#21 Picha_Masasi
Hii ya Mhasibu inaniingia kuliko ya sensa.

#22 Mzee_wa_Filamu
Vijana shikamooni haipo lakini haya. Mnalia bei kwa sababu hamkuwepo.

Mwaka 1975 Kodak walikuwa na kijana anaitwa Steven Sasson, akaunda kamera ya dijitali ya kwanza. Kilo tatu na nusu na kitu, inaandika kwenye kaseti, picha moja sekunde 23, nayo ya pikseli elfu kumi tu. Kodak hao hao 1991 wakauza ya kwanza kwa wapiga picha wa kazi: bodi ya Nikon F3, na boksi la kuhifadhia unalibeba begani kama unauza aiskrimu. Megapikseli 1.3. Bei ilianza dola 20,000 kwenda juu. Canon 1Ds ya 2002, megapikseli 11, dola 7,999. Canon R1 ya 2024 ilitoka kwa dola 6,299.

Weka na thamani ya dola ilivyoshuka tangu hapo. Kwa jumla kamera ya juu imekuwa ikishuka bei. Kilichopanda ni tamaa zenu. Mimi nimepiga harusi za Lindi kwa roli ya picha 36, na ndoa zile bado zipo.

#23 Tandahimba_Finest
Marahaba mzee. Lakini R1 ya dola 6,299 haijui kwamba 1Ds ilikuwa 7,999. Na mfuko wangu pia haujui.

#24 Ruangwa_Wetu
Mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa Lindi, Wajerumani wamemchukua 1909 mpaka 1913 kwenda Berlin bila kulipa, halafu kamera ya Kijerumani Leica M11 ilipotoka 2022 wakatuwekea karibu dola 9,000, na haina hata fokasi ya kujivuta yenyewe wala video. Hapo mtaalamu gani atanipa sababu ya silikoni?

#25 BintiMikindani
Hahaha, Ruangwa kamata hapo hapo. Hiyo Leica ndiyo inayovunja hoja za mwalimu zote. Sensa ni fulu fremu kama nyingine, hakuna picha 30 kwa sekunde, hakuna kufuata jicho la mtu. Watu wanalipa ile nukta nyekundu ya nembo.

#26 Fundi_Lenzi_Lindi
Inaunganishwa Ujerumani kwa mikono na zinatoka chache. Mshahara wa fundi wa Wetzlar si wa kwangu. Sisemi nukta nyekundu haina bei, nasema si peke yake.

#27 Tandahimba_Finest
Sasa nileteni ushahidi wangu mliokuwa mnanidharau. Nikon Z9 ilitoka mwishoni mwa 2021, dola 5,500. Mwaka mmoja na nusu baadaye ikaja Z8, sensa ile ile, ubongo ule ule, dola 4,000. Hiyo 1,500 ilikuwa ya nini?

Twende nyuma. Mwaka 2003 Canon walikuwa na 10D ya dola 1,499, na 300D ya dola 899. Sensa moja. Watu wakaichezea programu ya 300D, na vitu kadhaa vya 10D vikafunguka. Vilikuwemo humo ndani vimefungwa kusudi! Walikuwa wamekuuzia nyumba na chumba kimoja wamebaki na ufunguo.

Wanaangalia wewe ni nani. Mwenye kazi ya gazeti anaweza kutoa 6,000, anatozwa 6,000. Mwenye harusi za Masasi anatoa 1,300, anapewa iliyofungwa mikono. Gharama ya kutengeneza haina uhusiano.

#28 Fundi_Lenzi_Lindi
Kwenye 300D sikupingi. Kwenye Z8 na Z9 hapana. Z9 ina betri kubwa, ina mshikio wa wima uliojengewa, na mwili wake mkubwa unatoa joto vizuri. Video ndefu mchana wa Mtwara, jua la saa nane, Z8 inaanza kulalamika kabla ya mwenzake.

#29 Mhasibu_Newala
Na huyo wa kwanza ndiye aliyelipia utafiti. Z8 ilikuta njia imeshafyekwa. Tandahimba, kutoza watu tofauti kwa kitu kinachokaribiana ni biashara ya kawaida. Hata nauli ya basi la Dar inapanda Desemba, basi ni lile lile.

#30 Tandahimba_Finest
Kwa hiyo umekubali tunapigwa, ila kwa utaratibu.

#31 Mzigo_Kariakoo
Wandugu zangu wa Kusini, mimi ndiye nawaletea hivyo vitu kwa hiyo mnisikilize kidogo. Bei mnayoiona mtandaoni ya Marekani si bei ya mlangoni kwangu. Thamani ya mzigo pamoja na usafiri na bima inapigwa ushuru wa forodha. Halafu VAT asilimia 18 inapigwa juu ya jumla, ushuru ukiwemo. Chukulia mzigo wa milioni 10, na ushuru umetoka milioni 1: VAT inakaa juu ya milioni 11, ambayo ni 1,980,000. Unalipa kodi juu ya kodi.

Halafu bodi ya milioni 16 nikiiweka kabatini inaweza kukaa miezi bila kuguswa, dola inacheza na modeli mpya inatangazwa. Yule anayeleta ndani ya begi kutoka Dubai atawauzia chini yangu, ndiyo, ila ikizima msije kwangu na risiti ya WhatsApp.

Na usafiri je? Mei 2024 barabara ilipokatika Somanga nilikuwa na mzigo wa watu wa Mtwara. Kila mtu ananipigia kana kwamba mimi ndiye kimbunga Hidaya.

#32 Ruangwa_Wetu
Bandari ya Mtwara ipo. Mizigo ishukie hapa, bei itashuka.

#33 Mzigo_Kariakoo
Kontena la kamera za fulu fremu lishuke Mtwara? Kaka, wanunuzi wote wa Mtwara na Lindi wanaenea kwenye bajaji moja.

#34 Picha_Masasi
Mzigo nakuelewa, lakini hilo linajibu swali jingine. Dola 6,500 ni bei ya Marekani kabla ya kodi yoyote ya kwetu. Wewe unanieleza kwa nini 6,500 inakuwa zaidi ikifika Masasi. Mimi nauliza 6,500 yenyewe imezaliwaje.

#35 Mwalimu_Nachingwea
Picha_Masasi, nikwambie kitu mnachokiruka wote. Unalipia ile hatua ya mwisho. Kutoka simu kwenda kropu unaona tofauti kwa macho. Kutoka kropu kwenda fulu fremu unapata mwanga kama hatua moja na kidogo zaidi, kwa sababu ya eneo. Nenda kwenye ngoma ya usiku kijijini, taa ni balbu moja ya sola imefungwa kwenye mti, mwali anatoka amefunikwa khanga, mashangazi wanatunza noti. Kwa simu unapata uji. Kwa kropu unapata chengachenga. Kwa fulu fremu na lenzi ya f/1.4 unapata jasho kwenye paji la uso na namba ya noti. Hiyo hatua moja ndogo ndiyo inagharimu mara nne, kwa sababu kila kitu kabla yake kimeshakamuliwa mpaka tone la mwisho.

#36 BintiMikindani
Mwalimu, umeandika vizuri mpaka nimesikia ngoma. Lakini nikuulize, hiyo picha yenye jasho na namba ya noti, mteja anaitaka wapi? Anasema, "Dada nitumie WhatsApp." WhatsApp inaikaanga, megapikseli 50 zinafika zimekuwa mbili. Anaiweka status. Shangazi anaiangalia kwenye simu yenye kioo kilichopasuka na kusema, "Mbona sijatabasamu?"

Mimi nimefanya hesabu ya upande wa pili. Kwa bei ya harusi ya huku, nikinunua bodi ya milioni 16, korosho itaota, itazaa, itauzwa mnadani msimu baada ya msimu, mimi bado nairudisha. Na hao wanaoweka masharti ya fulu fremu kwenye zabuni, asilimia kubwa picha zao zinaishia kwenye ripoti zikiwa na ukubwa wa stempu. Kaka Picha_Masasi, umewahi kumuuliza mteja wako picha anazipeleka wapi?

#37 Picha_Masasi
Dada nimemuuliza. Amesema mabango ya barabarani na kalenda.

#38 BintiMikindani
Bango la barabarani linaangaliwa kutoka ng'ambo ya barabara. Megapikseli 24 zinatosha na chenji inabaki. Mwambie asome tena alichoandika.

#39 Nangwanda_Jukwaa_Kuu
Mwambie mwenye fedha kwamba hajui anachotaka, uone kazi inakwenda kwa nani. Kodisha, kaka. Dar wanakodisha kwa siku, unaweka dhamana, unaingiza gharama kwenye ankara ya mteja. Nimewahi kupiga mechi ya Namungo kule Ruangwa kwa lenzi ya kukodi ya 400, nikarudisha, nikalala usingizi.

#40 Ngoja_Waje
Na ukiiangusha Somanga?

#41 Nangwanda_Jukwaa_Kuu
Hapo unakuwa umeinunua.

#42 Mhasibu_Newala
Kuna jambo moja halijaguswa. Anayenunua bodi ya 6,500 ananunua pia watu. Michezo mikubwa ya Olimpiki kampuni hizi zinaweka kambi za mafundi na vifaa vya kuazimisha wanachama wao wa kazi. Hiyo huduma imo ndani ya bei, na sisi wa Newala tunailipia bila kuiona. Fundi wao wa karibu na mimi ni Fundi_Lenzi_Lindi, ambaye hawamjui.

#43 Fundi_Lenzi_Lindi
Hawanijui kweli. Spea naagiza China, kuna za kampuni kadhaa hawauzi kabisa kwa fundi wa nje, inabidi nichinje kamera mbovu kutibu nyingine. Wanaouliza kuhusu kuvu: chukua boksi la plastiki la kufunga kwa klipu, tia vile vipakiti vya kukausha unyevu, weka na kipimo cha unyevu. Vipakiti vikishiba vianike juani au pasha kwenye sufuria kavu. Usitie mchele, vumbi lake ni baya.

#44 Kangomba_Mstaafu
Na dronu je? Siku hizi harusi za Tandahimba bila dronu bibi harusi hatoki.

#45 Nangwanda_Jukwaa_Kuu
Dronu ina vibali vyake vya mamlaka ya anga, fungua uzi wako. Hapa tupo kwenye kamera.

#46 Mzigo_Kariakoo
Kwa Picha_Masasi na wengine wenye uhitaji: nina Sony A9 ya kwanza, mtumba kutoka Japani, chaja yake, betri mbili, haina mkwaruzo. Bei tunaongea. Naituma Masasi kwa basi kesho asubuhi.

#47 Fundi_Lenzi_Lindi
Imepiga mibofyo mingapi?

#48 Mzigo_Kariakoo
Fundi, imetunzwa sana. Mwenyewe alikuwa Mjapani.

#49 Fundi_Lenzi_Lindi
Sijauliza kabila la mwenyewe. Imepiga mingapi?

#50 Mzigo_Kariakoo
Njoo inbox.